Mitishamba hii imetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutambua chimbuko la dawa za mimea kwa kemia

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wauzaji wa mitishamba, waganga wa tiba asili, wanafunzi wa kemia na maofisa wa forodha hurudia kuuliza. Maswali ya msingi yako juu, kona ngumu ziko chini. Jibu likiwa limekwisha kutolewa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kutambua chimbuko ni sawa na kutambua aina ya mmea?

Hapana, na mkanganyiko huu ndio unaopoteza fedha nyingi za vipimo. Swali la aina ya mmea ni "huu ni mdalasini gani?" Swali la chimbuko ni "mdalasini huu umekulia wapi?" La kwanza mara nyingi hujibiwa na mtaalamu wa mimea mwenye jicho zuri, na hadubini au kipimo cha vinasaba kikiongezwa. La pili huja baada ya la kwanza. Ukilinganisha mimea miwili ya aina tofauti ukidhani ni mmoja, utaona tofauti kubwa na utaipa jina la mahali, kumbe ni tofauti ya ukoo.

Jinseng ni mfano mzuri. Ile ya Asia (*Panax ginseng*) ina kemikali iitwayo jinsenosaidi Rf, ambayo kwa kawaida haipatikani katika ile ya Marekani (*Panax quinquefolius*). Kipimo hicho hutenganisha aina hizo mbili, lakini hakikuambii kama jinseng ya Asia uliyo nayo imelimwa Korea au China.

2. Kama mmea ni ule ule, kwa nini nijali umetoka wapi?

Kwanza, kwa sababu ya nguvu ya dawa. Pakanga ya Kichina (*Artemisia annua*) ndiyo chanzo cha artemisinini, dawa ya malaria iliyotengwa na Tu Youyou na wenzake mwaka 1972 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mimea mingi yenye asili ya China na Vietnam ina artemisinini nyingi kuliko ile inayoota yenyewe Ulaya na Amerika Kaskazini. Majani yanafanana, ila kilichomo ndani hakifanani. (Kwa kuwa swali hili hufuata kila mara: Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai au unga wa mmea huu kwa kutibu malaria, hata ukiwa umetoka mahali pazuri kiasi gani.)

Pili, sumu. Mmea uliokulia karibu na machimbo ya madini au barabara yenye magari mengi unaweza kubeba risasi, zebaki au kadimiamu.

Tatu, sheria. Mti uitwao muiri na Wakikuyu (*Prunus africana*), ambao gome lake huuzwa Ulaya kwa matatizo ya tezi dume, umo katika Kiambatisho II cha Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisitisha kuingiza gome hilo kutoka Kamerun. Nchi moja ikifungiwa na jirani yake akaruhusiwa, gome hupata uraia mpya njiani.

Nne ni bei, na hapo karafuu inajieleza yenyewe (swali la 11).

3. Je, mashine inaweza kunitajia kijiji?

Haiwezi, na anayekuahidi hivyo usimlipe. Kemia hulinganisha tu. Inaweza kusema "sampuli hii haifanani na zile tunazojua zimetoka Usambara", au "haipingani nazo". Jibu la kukanusha lina nguvu zaidi ya jibu la kuthibitisha, kwa sababu sehemu mbili za dunia zilizo mbali mbali zinaweza kuwa na mvua na miamba inayofanana.

## Mmea unavyobeba alama za mahali

4. Maji yanaachaje alama?

Oksijeni na haidrojeni za maji zina atomu nyepesi na nzito, yaani isotopu. Maji yenye atomu nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, na wingu linapodondosha mvua, yale mazito hutangulia kushuka. Kwa hiyo kadiri wingu linavyosafiri kutoka baharini na kupanda mlima, mvua yake huwa nyepesi zaidi. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba uhusiano wa isotopu hizo mbili katika maji ya mvua duniani hufuata karibu mstari mmoja, na katika miaka hiyo hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani walianza kukusanya mvua ya mwezi hadi mwezi kutoka vituo mbalimbali. Entebbe na Dar es Salaam vilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo, kwa hiyo ukanda wetu una kumbukumbu ya mvua ambayo nchi nyingi hazina.

Chukua Tanga na Lushoto. Oksijeni nzito hupungua kwa takriban 0.2 hadi 0.3 kwa elfu kila unapopanda mita 100. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hivyo tofauti inayotarajiwa kwenye mvua ni kama 3 hadi 4 kwa elfu. Kipimo kizuri hukosea chini ya nusu ya moja kwa elfu, kwa hiyo tofauti hiyo inaonekana bila shida.

Tatizo ni jani. Jani hupumua, hupoteza maji mepesi mchana kutwa, na alama ya mvua huvurugika kulingana na jua na unyevu wa siku zile. Mizizi na gome havivurugiki sana hivyo. Isitoshe, katika tropiki mvua kubwa ya masika huwa na isotopu nyepesi zaidi kuliko manyunyu, basi mmea wa miezi mitatu hubeba alama ya msimu wake zaidi ya ile ya mahali pake.

5. Na udongo?

Hapa ndipo ninapoweka imani yangu zaidi, hasa kwenye strontiamu. Madini haya hufanana kitabia na kalisi, mmea huyanyonya bila kujali, na uwiano wa isotopu zake mbili, 87 na 86, hupita kutoka kwenye mwamba hadi kwenye jani karibu bila kubadilika. Strontiamu 87 huzaliwa taratibu sana kutokana na rubidiamu, ambayo nusu yake huchukua karibu miaka bilioni 49 kubadilika. Mwamba mkongwe wenye rubidiamu nyingi una uwiano mkubwa, na mwamba wa volkano wenye umri mdogo una uwiano mdogo.

Afrika Mashariki imejaliwa tofauti hizi. Miamba ya volkano ya Kilimanjaro iko karibu na 0.704. Mawe ya chokaa ya baharini, kama matumbawe ya pwani na visiwani, hukaribia maji ya bahari yenyewe, 0.709. Graniti za kale za katikati ya Tanzania, zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, hupanda juu zaidi ya hapo. Vipimo vya kisasa husoma hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, kwa hiyo pengo kati ya 0.704 na 0.709 ni kubwa mno.

Zaidi ya strontiamu, maabara hupima elementi nyingi kwa pamoja: manganizi, bariamu, rubidiamu, na kundi la elementi adimu za ardhini. Hizo zinahitaji uangalifu, kwa kuwa vumbi la barabarani huingia kwenye hesabu. Mizizi iliyoanikwa juu ya lami itakusimulia habari za lami.

6. Nimesikia pia kaboni, naitrojeni na salfa. Zinasema nini?

Naitrojeni husema zaidi kuhusu mbolea kuliko mahali. Mbolea ya viwandani hutengenezwa kutokana na hewa, hivyo isotopu zake ziko karibu na sifuri, ilhali samadi iko juu (namba hizi huonyesha isotopu nzito imezidi au imepungua kiasi gani, kwa elfu, ikilinganishwa na kiwango rejea). Salfa husaidia kutambua ukaribu na bahari: salfeti ya maji ya bahari ina takriban +21 kwa elfu, na upepo huipeleka mashambani.

Kaboni huonyesha kama mmea uliishi kwa kiu, lakini kazi yake nzuri zaidi ni nyingine kabisa. Mitishamba mingi iko karibu na −27 kwa elfu. Mahindi na muwa viko karibu na −12. Unga wa mizizi uliochanganywa nusu kwa nusu na sembe utasoma karibu na −20, na muuzaji hatakuwa na pa kujificha. Usitumie hesabu hiyo kwa shubiri mwitu, maana jamii hiyo hufyonza hewa usiku na namba zake huangukia katikati zenyewe, bila sembe yoyote.

7. Je, harufu na viambato vya mmea si ushahidi tosha?

Ni ushahidi wenye kigeugeu. Kivumbasi cha jamii ya *Ocimum gratissimum* kina makundi ya kikemia: mimea mingine mafuta yake yamejaa eujenoli, mingine thaimoli. Makundi hayo hurithiwa. Ukichukua mbegu ya mmea wa eujenoli ukaipanda mkoa mwingine, utapata eujenoli tena. Kwa hiyo kiambato kinaweza kukuonyesha mbegu ilikotoka, si shamba lilipo. Ongeza umri wa mmea, saa ya kuvuna na namna ya kukausha, nawe utaona kwa nini maabara makini hazitegemei viambato peke yake.

## Ndani ya maabara

8. Vipimo huanzia wapi?

Huanzia kwenye kile cha bei nafuu. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha aina ya mmea (swali la 1). Kisha hutumika mwanga wa infraredi karibu: kifaa cha kushika mkononi humulika unga na kusoma mwanga unaorudi. Ni haraka na hakiharibu sampuli, lakini kinadanganywa na unyevu na ukubwa wa chembe za unga. Kinafaa kuchuja: magunia mia yanapita, matano yanatiliwa shaka. Hayo matano ndiyo yanayopelekwa kwenye kromatografia kwa ajili ya viambato, spektromita ya masi kwa ajili ya isotopu, na plazima kwa ajili ya elementi.

Kuna pia mwangwi wa sumaku wa viini, ambao unaweza kuona haidrojeni nzito imekaa sehemu gani ya molekuli. Njia hiyo ilikuzwa Nantes, Ufaransa, miaka ya 1980 ili kunasa watengenezaji wa mvinyo waliokuwa wakiongeza sukari. Ni nzuri na ni ghali.

9. Kwa nini kila mtaalamu anazungumzia "hifadhi ya sampuli halisi"?

Kwa sababu bila hiyo mashine ni bubu. Namba 0.7083 haina maana yoyote hadi uwe na sampuli ambazo una hakika zimetoka Muheza, Lushoto, Kwale na Pemba, za misimu kadhaa, ili uone namba hiyo inaangukia wapi.

Hapa ndipo pengo letu lilipo. China wanayo dhana ya *daodi*, kwamba dawa fulani lazima itoke mahali fulani: sanqi ya Wenshan katika Yunnan, goji ya Ningxia, danggui ya Gansu. Imani hiyo ya karne nyingi imewapa watafiti wao sababu na soko la kukusanya sampuli kwa maelfu. Sisi tuna vitabu vya majina ya mitishamba na matumizi yake, lakini magunia yenye anwani ya uhakika ni machache. Anayetaka kusaidia fani hii Afrika Mashariki aanze kukusanya, mashine baadaye.

10. Sampuli halisi hukusanywaje?

Nenda mwenyewe shambani au msituni. Usinunue Kariakoo kisha ukaandika alichokuambia muuzaji. Chukua vipimo vya mahali kwa simu yenye GPS, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, aina ya udongo, kama kuna umwagiliaji na mbolea gani. Chukua mimea kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shamba, pamoja na udongo wa chini yake. Kausha kivulini, juu ya kitu safi. Rudi msimu mwingine.

Bandika tawi moja lenye ua au tunda kwenye karatasi na ulikabidhi kwenye hifadhi ya mimea, kama Herbaria ya Taifa iliyoko Arusha au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Miaka kumi baadaye mtu akibisha kwamba mmea haukuwa ule, tawi litajibu.

Sampuli zikivuka mpaka kwenda maabara ya nje, zinahitaji vibali. Itifaki ya Nagoya, inayofanya kazi tangu Oktoba 2014, inahusu ugawanaji wa manufaa ya rasilimali za kijenetiki, na mimea ya CITES ina kibali chake tofauti. Anza na vibali kabla ya safari, si baada.

## Mifano miwili ya kwetu

11. Kemia inaweza kumnasa mlanguzi wa karafuu?

Swali hili hutoka zaidi Pemba, na hakuna wa kulishangaa: karafuu zote kisheria huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na magendo kuvuka bahari kwenda Kenya ni habari ya miaka mingi, hasa bei ya ng'ambo inapokuwa nzuri.

Viambato havitasaidia sana. Karafuu nzuri kutoka popote ina mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Vinasaba navyo vina kikomo, kwani mikarafuu ya Zanzibar ilifika mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na miche iliyotoka Maluku kupitia visiwa vya Mascarene, ambako Pierre Poivre aliiingiza Mauritius mwaka 1770. Madagaska nayo iko kwenye mnyororo huo huo.

Zinabaki isotopu na elementi. Kutenganisha Pemba na Maluku au mashariki ya Madagaska kunatarajiwa kuwa rahisi: Maluku ya kaskazini ni volkano, Madagaska ya mashariki ni miamba mikongwe, Pemba ni mchanga, mfinyanzi na chokaa ya bahari. Lakini forodha ya Mombasa haiulizi hivyo. Inauliza kama gunia ni la Pemba au la pwani ya Kenya, sehemu mbili zenye matumbawe, upepo wa bahari mmoja na mvua za kaskazi na kusi zile zile. Hapo bila hifadhi nene ya sampuli za pande zote mbili, mwanasheria wa mtuhumiwa atashinda kabla ya chai ya saa nne.

12. Ubani wa Dhofar, Oman, unatofautishwaje na wa Somalia?

Huu ni mfano unaopendeza kwa wenye ndugu Oman. Mafuta ya ubani yana alfa-pinini kwa wingi, na molekuli hiyo ina maumbo mawili yaliyo kama mkono wa kulia na wa kushoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mafuta ya ubani wa Oman hugeuza mwanga kuelekea kulia, na ya ule wa Somalia kuelekea kushoto. Kipimo cha mzunguko wa mwanga hakihitaji maabara kubwa.

Ila onyo la swali la 1 linarudi. Watafiti hao walihesabu aina mbili, *Boswellia sacra* na *Boswellia carterii*. Wataalamu wengi wa mimea leo huziona kuwa aina moja. Je, tofauti ni ya ukoo au ya mahali? Mti wa Dhofar ukipandwa Bosaso, Somalia, ningetarajia mwanga uendelee kugeukia kulia. Kwa muuzaji wa soko la Muttrah, Oman, hilo halimsumbui. Kwa mahakama, linasumbua.

## Kona ngumu

13. Dawa ikishachemshwa, kusagwa au kukamuliwa, bado inapimika?

Kusaga hakudhuru isotopu, ingawa mashine ya chuma inaweza kuongeza chuma na kromiamu. Kuchemsha huhamisha baadhi ya madini kwenye maji, na kama maji ya kuchemshia ni ya bomba la Dodoma, dawa huanza kuzungumza Kidodoma. Mafuta yaliyokamuliwa hayana strontiamu ya kutosha. Hapo hutegemewa kaboni na haidrojeni za molekuli moja moja. Vidonge ni kazi ngumu kuliko zote kwa sababu ya vijazio.

14. Magunia ya sehemu mbili yakichanganywa?

Kipimo cha unga uliochanganywa hutoa wastani, na wastani wa Kilimanjaro na Singida unaweza kuangukia Bagamoyo. Dawa yake ni kupima kipande kimoja kimoja, punje kwa punje, ikiwa mmea bado ni mzima. Namba zikijigawa makundi mawili, mchanganyiko umejulikana.

15. Shamba langu liko Rombo, ng'ambo kidogo ni Taveta. Itakuwaje?

Volkano haikusubiri mipaka ichorwe. Vipimo vitakuambia Kilimanjaro, na nchi utaithibitisha kwa karatasi.

16. Mtu anaweza kudanganya kipimo?

Kughushi alama ya maji, mwamba na viambato kwa pamoja ni kazi ghali kuliko faida. Njia ya wajanja ni nyepesi zaidi: hupeleka maabara sampuli nzuri, kisha husafirisha gunia jingine. Ndiyo maana sampuli ichukuliwe na mtu asiye na maslahi, kutoka magunia kadhaa, juu, katikati na chini, kisha ifungwe na kutiwa lakiri mbele ya pande zote.

17. Ripoti yangu inasema usahihi ni 98%. Niamini?

Uliza maswali matatu: sampuli zilitoka mashamba mangapi, misimu mingapi, na modeli ilijaribiwa kwa sampuli ambazo haikuwahi kuziona? Tafiti nyingi hutenganisha maeneo vizuri kwa sababu kila eneo lilikuwa na shamba moja na mavuno ya wiki moja. Hapo mashine imejifunza shamba, au mkaushaji, haijajifunza mkoa. Usahihi wa 80% uliopatikana kwa mavuno ya mwaka uliofuata una thamani zaidi mbele yangu.

18. Tunaweza kutumia mimea ya zamani iliyohifadhiwa kwenye herbaria kama sampuli halisi?

Kwa sehemu. Herbaria ya Afrika Mashariki ilianza Amani, Usambara, mwaka 1902 kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, kwa hiyo hifadhi za aina hiyo zina matawi yenye mahali na tarehe kutoka misitu ambayo mingine haipo tena. Strontiamu yake haijabadilika. Kaboni inahitaji kusahihishwa, kwa sababu moshi wa makaa na mafuta umeifanya hewa ya leo kuwa na kaboni nyepesi zaidi kuliko ya wakati ule. Zebaki na arseniki usizipime kabisa: matawi mengi ya kale, katika herbaria za nchi nyingi, yalipakwa sumu hizo ili yasiliwe na wadudu, na hata kuyashika kunahitaji glavu.

Kinachohitajika ni miligramu chache za jani, lakini kila kipimo huharibu kipande hicho moja kwa moja. Andika barua kwa mtunzaji ukieleza kipimo gani, kiasi gani, na matokeo yatawekwa wapi. Omba majani yaliyokwisha kudondoka ndani ya bahasha ya karatasi kabla ya kugusa yaliyobandikwa.